Bega la Kushoto

Jumanne, Juni 2018. Baridi kavu, ile ya Joburg inayopasua midomo. Mikono yangu ni mizima, lakini leo naiogopa.

Hivi karibuni mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima, Bi Ruth, aliniletea hapa kibandani Jeppestown mchoro wa koti. Ni kazi ya mbunifu fulani wa Paris, ya miaka ya hamsini: kola pana, kiuno kimebanwa, na aliyelivaa hakuchorwa uso. Marehemu mama yake alishonewa koti hilo, akazikwa nalo. Bi Ruth alitaka la kwake.

Nikampima. Mabega yake yako sawa kabisa. Mchoro unaonyesha mbele tu, kwa hiyo mgongo niliubuni mwenyewe. Nilikunja kitambaa katikati kama siku zote, nikakata pande zote kwa pamoja. Ukikata hivyo mabega hayapishani hata ukiwa umelewa, na mimi sinywi.

Jana Mzee Kabeya, fundi jirani kutoka Lubumbashi, aliliona limetundikwa.

"Eish, dada Zuhura, hii bega ya kushoto imeshuka. Ulipima nani?"

Nikachukua tepu. Kweli limeshuka. Nilitamani ardhi inimeze.

Leo asubuhi Bi Ruth kaja, nikaanza kuomba radhi. Hakunisikiliza. Alilivaa, akageuka kujitazama mgongo kwenye kioo, akaziba mdomo. Mama yake alikuwa na bega la kushoto lililoshuka tangu utotoni. Hakuwahi kuniambia, wala mchoro hausemi. Amenikumbatia kwa machozi ya furaha, akaondoka nalo mwilini. Alipokuwa akivuka pale kwenye robot, taa za barabarani, nilimtazama kwa nyuma, na hakuwa Bi Ruth.

Mikono yangu imempima marehemu.

Ningeogopa tu yakaisha, lakini nina Bahati. Mdogo wangu huyu aliondoka Tanga kunifuata huku kwa barabara. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa Tete, Msumbiji, na sasa ni miaka. Nina kitambaa cha suruali yake, nilikinunua aliposema yuko njiani. Sijui umbo lake la utu uzima, nilimwacha akivaa kaptula ya shule. Kama mikono hii inawajua waliokufa, basi nikikata na ikatoka suruali ya mtu kamili, nitajua.

Mchana nilikitandaza mezani. Nilitaka kujua, Mungu anisamehe. Nikashika chaki, na chaki ikaanza kwenda yenyewe, taratibu, kama inayomfuata mtu aliyelala. Nikafumba macho, nikaifuta mistari yote kwa kiganja kabla sijaiona.

Kesho nitampa Mzee Kabeya akikate, kwa saizi yoyote ile. Mikono yake inajua tepu tu.

Bahati akifika na suruali ikambana, nitaifumua huku nacheka.