Mtoto Mgongoni kwa Mwenzangu

Jumatatu, 22 Januari

Unga wa vitumbua haukuumuka vizuri. Nimekaanga hivyo hivyo, watu wamenunua hivyo hivyo. Simu ikilia tu, naikimbilia. Majibu ya mtihani wa kuingia kozi ya unesi wa uzazi bado. Walisema wiki iliyopita.

Mume wangu Bakari yuko Afungi, jikoni kambini kwa watu wa gesi, anapikia watu asiowajua majina. Akirudi, siku za mwanzo atakuwa kwa mke wake mkubwa. Ndio utaratibu, nimeuzoea. Uongo. Sijauzoea.

Mke mkubwa mwenyewe, Mwanashumu, kapita uani na mzigo wa vyombo vya plastiki alivyovitoa Mtwara, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Shikamoo, marahaba, basi. Milango yetu inatazamana, choo kimoja, kisima kimoja. Maneno hatuna.

Ijumaa, 2 Februari

Nimechaguliwa. Alhamdulillahi. Naandika tena: nimechaguliwa.

Ujumbe umeingia mikono ikiwa na unga. Nimeusoma, sikuamini. Nimempelekea mwalimu wa shule ya jirani anisomee, naye kasoma vilevile. Safari hii darasa wamelifungua hapahapa Palma, kwenye jengo la shule lililoezekwa upya. Ingekuwa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, nisingekwenda. Nani angenipa ruhusa?

Nimempigia Bakari. Kaniuliza mara mbili kama ni kweli. Kisha kasema, "Soma." Neno moja tu. Nimelia kwa neno moja.

Jumatatu, 12 Februari

Siku ya kwanza. Tumepewa koti jeupe. Kwa Kireno linaitwa bata. Nimelifua, nimelianika, nikasema uani, sijui namwambia nani, "Bata langu likikauka nitalipiga pasi."

Mwanashumu alikuwa anachambua mchele. Ukoo wao ni wa Mtwara, kwao bata ni yule anayeogelea. Kaacha ungo. "Unampiga pasi bata?" Kacheka mpaka kashika mbavu. Mie nami nikacheka. Ni mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu nilipoolewa. Kisha kila mtu karudi kwenye kazi yake.

Alhamisi, 14 Machi

Mwezi wa Ramadhani. Midomo mikavu na mifupa ya mwili wa binadamu kwa Kireno. Nyonga ina majina mengi kuliko ukoo wetu.

Wenzangu waliosoma Pemba wanajibu haraka. Mie nafikiri kwa Kiswahili, natafsiri, nikinyanyua mkono swali limeshapita. Enfermeira Graça, yaani nesi Graça, mkufunzi wetu, mama wa Zambézia kule kusini, kaniambia mbele ya wote, "Sauda, kwa mwendo huu mama atajifungua wewe bado unafikiri." Wamecheka. Imeniuma. Lakini kasema kweli.

Jumatatu, 6 Mei

Nina mimba.

Sikutaka iwe mwaka huu. Namwomba Mungu anisamehe kwa kuandika hivyo. Nimetapika nyuma ya darasa, nikasingizia mihogo.

Kozi haisubiri mtu. Mama yangu hayupo tena, mama mkwe hana nguvu za kubeba hata ndoo. Nitaacha. Nitamwambia Bakari Ijumaa.

Jumatano, 8 Mei

Mwanashumu kajua kabla sijasema. Kaja na bakuli la uji wa ndimu, kakaa kizingitini kwangu. Hajawahi kukaa pale.

"Unaacha shule?"

Nikamwambia sina wa kunilelea.

"Mie ni nani?"

Nikalipokea bakuli. Kasema tena, taratibu, bila kunitazama: "Yule wa kwanza tulimzika sie wawili. Huyu tutamlea sie wawili. Kunywa uji."

Mwaka tuliokimbia vita hapa Palma nilijifungulia porini, njia ya kwenda kijiji cha Quitunda. Mtoto wa kiume. Hakulia. Hakuna aliyejua la kufanya. Mwanashumu ndiye aliyechimba, kwa mikono na kipande cha sufuria, mie nikiwa nimelala chini. Yeye Mungu hajampa mtoto. Tulipofika salama hatukulitaja tena, wala hatukuzungumza zaidi ya salamu. Nadhani kila mmoja alimwona mwenzake akakumbuka.

Nimekunywa uji. Umekaa tumboni.

Ijumaa, 20 Desemba

Rehema. Ana wiki moja. Alilia kwa hasira, chumba kizima kikacheka. Shule imefungwa, Mungu kapanga vizuri kuliko mie.

Bakari yuko nyumbani, anatembea na mtoto kama kabeba yai. Mwanashumu kamnyoa nywele yeye mwenyewe, kwa wembe mpya. Hakukwaruza hata kidogo.

Nashukuru. Sina neno jingine leo.

Jumatatu, 10 Februari

Nimerudi darasani. Maziwa yamelowesha bata kabla ya mapumziko.

Mwanashumu kaja na mtoto mgongoni na beseni la bidhaa kichwani. Kapanga vyombo vyake ukutani mwa shule, kama vile siku zote ndiyo sehemu yake ya biashara. Kengele ikilia natoka, nanyonyesha, narudi. Enfermeira Graça kamwona, kadhani ni mama yangu. Nikasema ni mke mwenzangu. Kanitazama mie, kamtazama yeye, kanunua jagi.

Jumatano, 9 Aprili

Rehema kaumwa kikohozi, Mwanashumu kamlaza kifuani mwake siku nzima. Nilipomchukua kalia, kageuza kichwa kwa yule. Nimeona wivu mchafu. Nimemnyang'anya kwa nguvu kidogo. Mwanashumu kaenda kuosha sufuria.

Sijaomba radhi. Nitaomba.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeanguka mtihani wa dawa. Darasa zima wamepita isipokuwa mie na msichana mmoja wa kijiji cha Mute ambaye hutembea kutoka kwao kabla ya jua. Tumekaa wawili nyuma ya jengo. Tunarudia mwezi ujao. Tukianguka tena, hakuna mazoezi ya hospitali, yaani hakuna cheti.

Nimemwambia Mwanashumu nimechoka. Nimemwambia pia anisamehe kwa siku ile. Kasema, "Siku ipi?" Anaijua vizuri.

Jumamosi, 28 Juni

Mwanashumu ananisomesha. Kireno hajui hata cha kuombea maji. Anashika daftari langu mbele yake, wala hatazami daftari, anatazama mdomo wangu. Nataja dawa, kipimo, hatari zake.

"Umesita. Rudia."

"Sijasita."

"Jicho limekwenda juu. Rudia."

Narudia. Rehema anapiga makofi kila nikimaliza. Amejifunza juzi tu, anapigia makofi hata mbuzi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepita. Na wa Mute kapita. Tumekumbatiana barabarani mpaka pikipiki ikatupigia honi.

Jumatatu, 4 Agosti

Wametugawia vituo vya mazoezi. Wengine hapa mjini. Mie na wenzangu wawili, kijijini Pundanhar, bara huko, pamoja na Enfermeira Graça.

Nimejaribu kuomba nibadilishiwe. Mtoto ananyonya. Barabara ni mashimo. Na watu wa huko wamerudi juzijuzi tu kutoka walikokimbilia, mashamba bado wanayafyeka upya. Enfermeira Graça kasema kila mtu ana sababu yake.

Mwanashumu alisikia nikimweleza Bakari kwenye simu. Kaingia ndani kwake, nikasikia anafunga masanduku ya bidhaa. "Lini tunaondoka?"

Tunaondoka, kasema. Sikumwomba.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumefika, wekundu kwa vumbi kuanzia kope. Kituo cha afya kina vitanda vichache na mlango unaofungwa kwa kamba. Tumepewa chumba kwa mama mmoja mkulima. Mwanashumu kashaanza kubadilisha visahani vyake kwa mahindi na karanga. Rehema anakula udongo. Nimemtoa, karudi.

Wajawazito wanne wamekuja kupimwa. Wanazungumza Kimakonde. Mie nina Kimakonde cha sokoni: bei, uzito, punguza. Nimekitumia hivyo hivyo. Wamecheka, lakini wamenipa mikono yao niwapime.

Jumatano, 20 Agosti

Nimempokea mtoto wa kwanza kwa mikono yangu, Enfermeira Graça kasimama pembeni tu. Wa kike. Mzima.

Kazi hii naipenda. Sikuwa nimeiandika hata siku moja. Naiandika leo.

Jumatano, 27 Agosti

Asubuhi watu walianza kupita na mafurushi. Wamesikia wenye bunduki wameonekana upande wa mtoni. Nani kawaona? Hakuna anayemjua aliyewaona. Lakini watu wa hapa hawangoji kuthibitisha, na mie siwalaumu. Nami nilikimbia.

Kulikuwa na lori moja la kwenda Palma. Wenzangu wawili wamepanda. Enfermeira Graça kasema kila mtu aamue mwenyewe. Ndani ya kituo alikuwapo mama mmoja mwenye uchungu, njia imeshafunguka nusu, mama yake kamshika kichwa. Huyo hawezi kupanda lori.

Mwanashumu kasimama mlangoni, Rehema mgongoni. Tumetazamana.

"Mpeleke," nikasema.

"Na weye?"

"Huyu hana mwingine. Enfermeira peke yake hatoshi."

Nilidhani atabisha. Kamteremsha mtoto, kanipa, nikamnyonyesha nimesimama, ziwa hili na lile, mpaka dereva kapiga honi. Kisha kamfunga tena mgongoni. Kamkaza sana. Kasema tu, "Nitakuwa naye." Nikamwona juu ya magunia, mkono mmoja nyuma kamshikilia mtoto, mmoja kashika chuma.

Sikulia. Nilikuwa na kazi ndani.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandika ya jana.

Mtoto alitoka mchana. Wa kiume. Mlegevu, rangi ya majivu. Hakulia.

Mama alikuwa anavuja damu. Enfermeira Graça hakunyanyua kichwa. "Mtoto ni wako," kasema.

Nilimkausha. Nikamsugua mgongo. Nikamsafisha kinywa na pua. Kimya. Masikioni nilisikia porini, mwaka ule, nikasikia ule ukimya. Nikachukua mfuko wa kupulizia hewa, nikaweka kinyago usoni pake, nikabana. Kifua hakikupanda. Nikarekebisha shingo. Nikabana. Kikapanda. Nikahesabu kwa Kireno, kama tulivyofundishwa, halafu nikajikuta nahesabu kwa Kiswahili. Bibi yake alikuwa anasali kwa sauti na mie nikabana kwa mwendo wa sala yake.

Kakohoa. Kama paka mdogo. Kisha akalia.

Nilikaa chini sakafuni na mtoto mapajani. Enfermeira Graça alikuwa keshaizuia damu, mikono yake myekundu mpaka viwiko. Kasema, "Leo hukufikiri." Nikacheka, nikalia, vyote pamoja.

Sasa matiti yamejaa mawe. Nayakamua kwenye kikombe, namwaga nje. Simu haishiki. Sijui kama lori limefika. Namwokoa mtoto wa mtu na wangu sijui aliko. Ya Rabi, yasiwe malipo.

Ijumaa, 29 Agosti

Wanajeshi wamepita, wamesema ni uvumi, hakuna kitu. Watu wameanza kurudi na mafurushi yale yale. Kuku wao wanawashangaa.

Mtoto na mama yake wazima. Ananyonya kwa nguvu. Namtazama mpaka natoka nje.

Bado sijui.

Jumapili, 31 Agosti

Nilikuwa nachemsha vyombo. Nikasikia gari, sikugeuka, magari yanapita. Kisha nikasikia ile sauti yake ya kudai bei: "Nishushe hapo hapo, siyo kule!"

Mwanashumu. Juu ya gari la saruji, mweupe kama mzuka, Rehema kamfunga mbele safari hii.

Nikamuuliza kwa nini karudi. Nimemuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe.

"Palma tumefika salama. Mtoto kakataa uji. Kakataa maziwa ya kopo, kakataa vyote, anataka ziwa lako. Dereva kasema njia imetulia. Nikae Palma nifanye nini?"

"Ungengoja simu ishike."

"Ningengoja, mtoto angengoja?"

Nikamchukua Rehema. Kanipiga kofi usoni, kisha kashika ziwa kwa mikono miwili kama mdai. Mwanashumu kaketi chini, kavua viatu, kaomba maji. Nimemletea. Nimemwosha miguu, hakukubali, nimemwosha. Vumbi la saruji lilikuwa limegandana vidoleni.

Nilimwambia kuhusu mtoto wa kiume, jinsi alivyokohoa. Kasikiliza mpaka mwisho. Kafuta macho kwa nyuma ya mkono. "Twende nikamwone," kasema. Tukaenda. Mwenye mtoto kampa amshike. Kamshika muda mrefu.

Jumamosi, 27 Septemba

Mazoezi yamekwisha. Enfermeira Graça kaniaga kwa kunishika bega, basi. Kwake hayo ni mengi.

Wanawake watatu wametusindikiza mpaka barabarani. Karanga tulizopewa hazibebeki.

Ijumaa, 14 Novemba

Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki iliyopita. Leo wametuita majina. Langu limesomwa. Wenzangu wamekwenda kunywa soda na kupiga picha. Nimepiga moja nao, nikaaga. Bakari nimempigia, kapiga kelele jikoni Afungi mpaka nikasikia wapishi wenzake wakiuliza kuna nini.

Nyumbani kimya. Adhuhuri imeshasaliwa. Mwanashumu kalala kwake, kwenye mkeka sebuleni, mlango wazi kwa ajili ya upepo. Rehema kalala juu ya tumbo lake, mdomo wazi, unyayo umegandwa na muhogo.

Sikutaka kuwaamsha. Nimevua viatu, nimejilaza pembeni ukutani, sehemu iliyobaki.

Hakufumbua macho.

"Umepita?"

"Nimepita, dada."

"Haya." Kasogea kidogo, kamsogeza na mtoto. "Lala basi."

Nikalala.