Mkanda wa Gari Lako

Kaka Fikirini,

Shikamoo. Naamini huko Muscat hujambo.

Gari lako limepona. Niliuning'iniza begani mkanda wa injini uliokatika, nikaenda Kariakoo kutafuta wa kufanana nao, ule mrefu unaozungusha mpaka supachaja, ile pampu yako ya kuipa injini hewa na nguvu zaidi. Sasa linanguruma kama unavyopenda.

Najua ulikataza. Boneti isifunguliwe mpaka urudi, mafundi wa mtaani wataharibu. Nilikutii wiki tatu. Mama naye akakataa kwenda hospitali kwa bajaji. "Nikodi bajaji na gari la mwanangu liko mlangoni?" alisema, huku anatweta. Akalisubiri.

Jana tumemzika. Usihangaike kuja, gari liko salama.

Mkanda nimeufunga mwenyewe leo asubuhi, hapahapa nyumbani. Kazi ya saa moja, Kaka.

Mdogo wako mtiifu,
Waridi