Nimeviharibu Vigelegele vya Mai Nakhumwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada na usinicheke, hapa mtaani Chilomoni wameshanicheka vya kutosha. Shule niliishia la nne lakini kompyuta aliyoniachia mkwe wangu naiweza, najifungia chumbani, mablanketi ukutani, narekodi nyimbo za harusi za akina mama wa kanisani, mmoja mmoja, na hapo roho yangu huwa kwatu. Sasa ndani ya programu kuna vidude vya kuongezea, vinaitwa plagini, kimoja kinaleta mwangwi, kimoja kinakata kelele, kingine kinanyoosha sauti iliyopinda, nikasema vimewekwa vya nini kama si kuwashwa? Nikawasha vyote mpaka mwisho! Hata sijausikiliza wimbo wote nikawaita wenzangu, na thobwa nikawapikia, uji wetu wa kunywa wa mahindi, weee, unateleza, mara ikafika zamu ya shoga yangu Mai Nakhumwa, maana huku kuku wa uchumba, jogoo na tetea wanaobadilishana wakwe, hawakabidhiwi bila vigelegele vyake, vikatoka kama mbuzi kakanyagwa, halafu vikakatika katikati. Mmoja akadakia, "Mai, kumbe unafuga mbuzi kooni!" Watu mbavu hawana. Shoga yangu akaweka kikombe chini, "Ungeniambia tu sauti yangu imezeeka," akaondoka. Jumamosi ni uchumba wa binti yangu mdogo na shoga yangu amesema haji. Niufute wimbo wote? Nifanyeje?

Mai Mbewe

Mai Mbewe, nimekucheka, nisamehe. Dawa zote za kabatini unazimeza kwa mpigo kwa sababu zimewekwa? Usifute kitu. Plagini haigusi ulichorekodi, inakivika nguo tu. Ukiizima, sauti ya mwenzio iko vilevile. Cha kunyoosha kinataka sauti iliyotulia, na vigelegele vikitulia si vigelegele tena. Cha kukata kelele nacho kimedhani ni fujo. Kwenye sauti yake zima hivyo viwili, mwangwi bakiza kidogo. Kwa wengine washa kimoja, sikiliza, ndipo uguse kingine.

Hiyo ni kazi ya dakika tano. Kosa lako kubwa ni kuwaita watu wasikie sauti ya mtu kabla mwenyewe hajaisikia. Usitume ujumbe, usimtume mtu. Beba kompyuta mpaka kwake leo hii, omba radhi, mvalishe vya masikioni, msikilizishe vigelegele vyake vitupu, halafu funga mdomo, najua kwako ni mtihani. Asiporidhika, Jumamosi wimbo haupigwi. Na akikuuliza kama sauti yake imezeeka, mwambie ukweli: mashine ndiyo iliyoshindwa kumfuata.