Baba, Nimeitoa Sauti Yako Kwenye Mashine

Baba,

Shikamoo. Nilikaa na kalamu muda mrefu nikijiuliza kama aliyezikwa huamkiwa, kisha nikaona nitakosa adabu nikiacha. Niko ghalani, juu ya magunia, mahali ulipopenda kukaa na laptop yako kwa sababu ulisema ndipo penye mtandao na pasipo na kelele. Ungerudi sasa, ningekupa kelele zote.

Nataka ulisikie hili kutoka kwangu mwenyewe, kabla Bibi hajakuambia kwenye sala zake. Nimeitoa sauti yako kwenye mashine. Kwenye zote. Hakuna hata moja inayosema tena, "Jirani, ni mimi."

Ulipotuacha, watu walijaa hapa mpaka uani. Ndugu wa Bibi walitoka Endamarariek, wajomba wakatoka Qurus na mahindi ya kupikia waombolezaji. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, na nyumba ikawa kubwa kuliko tulivyoijua. Lakini mashine hazikujua kwamba umekufa, Baba. Zile kompyuta za kukodi zilikuwa huko Afrika Kusini zinaendelea na kazi. Walinzi kwenye ukingo wa msitu walipoona tembo wanatoka, walituma taarifa kama kawaida, na mashine zikapigia nyumba zote simu kwa sauti yako: "Jirani, ni mimi. Tembo wametoka msituni, wanashuka. Usitoke peke yako. Washa moto, piga madebe. Bonyeza moja nijue umesikia."

Mara ya kwanza tulikuwa tunakula. Simu ya Mama ikalia, jina lako likatokea kwenye kioo, maana namba ile aliihifadhi kwa jina lako. Mama akaweka kijiko chini. Bibi akaifunika simu kwa kiganja, kama anayeziba mdomo wa mtoto asilie kanisani. Mimi nikaivuta kutoka chini ya mkono wake na kupokea. Nikakusikiliza mpaka mwisho. Nikabonyeza moja.

Asubuhi nilifungua laptop kuona ni nani waliobonyeza, kama ulivyozoea kunituma. Ni sisi tu na walinzi. Majirani wengine wote waliacha simu ziite, au walipokea, wakasikia "ni mimi," wakakata. Nawe unajua tulivyolelewa. Aliyezikwa akikuita jina, usiitike. Ukiitika, umekubali kumfuata. Sasa wewe ulikuwa unawaita, tena unawataka waitike kwa kubonyeza. Mzee Sulle, jirani yetu wa chini, ambaye ni mzee wa kanisa, alimwambia Mama pale bombani: "Shemeji, mimi nasali kila Jumapili na marehemu nilimpenda. Lakini moja sibonyezi."

Watu walicheka kidogo. Mama naye alicheka, na ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mazishi.

Halafu tembo wakaingia shambani kwa Mzee Sulle mahindi yakiwa yanakaribia kukauka. Simu yake ilikuwa imeita. Alikuwa ameigeuza kifudifudi kitandani na kuiwekea mto juu. Mkwewe, Mama Joshua, hakujua chochote, akatoka kufunga mbuzi, akakutana na tembo jike kwenye njia ya bombani. Alikimbia, akaanguka kwenye korongo, akavunjika mkono. Tembo alikuwa na mtoto wake, Baba. Ulituambia siku zote kwamba huyo ndiye asiyesamehe. Mama Joshua ana mimba. Angekufa, na simu yenye onyo ingekuwa inaita ndani ya nyumba, chini ya mto.

Jioni ile Bibi alisema mbele ya wote: "Mnamfanyisha mwanangu kazi hata kaburini. Mpumzisheni." Mama akamjibu, na sijawahi kumsikia akimjibu Bibi namna ile: "Hapumzishwi mtu kwa kufutwa. Hiyo sauti ndiyo tuliyobaki nayo." Kisha wote wawili wakanitazama mimi. Ni kwa sababu ulinifundisha wewe. Sikuomba kutazamwa.

Nikuambie ukweli ambao sikumwambia yeyote. Siku ambazo hukupiga, nilikuwa natamani tembo watoke. Nilikaa karibu na simu ya Mama nikisikiliza upande wa msitu. Baada ya Mama Joshua kuanguka, sikuweza tena kutamani, na nikabaki bila chochote cha kungojea.

Nilimpigia Anko Saning'o, mwenzako wa Arash anayewasimamia wafugaji wanaopata maonyo ya simba. Alikuwa malishoni, mtandao unakatika, ikabidi apande kwenye jiwe. Nilimwomba aje aifanye yeye kazi hiyo. Alisema, "Entito, binti yangu, mimi najua kulipia hizo mashine na kuzilaumu. Kuzigusa alijua baba yako, na alikufundisha wewe. Kule kwetu nako hawapokei. Ng'ombe watakwisha." Nikamwambia siwezi. Akawapigia ng'ombe wake mluzi. Kisha akasema, "Basi usiweze, lakini fanya."

Baba, unakumbuka ulivyonifundisha? Ulikuwa ukirudi kutoka ofisi ya loji umechoka, unafungua lile dirisha jeusi lisilo na picha, unaniambia, "Huku hakuna kubofya. Huku unasema unachotaka, kwa adabu, na unasoma unachojibiwa." Uliniambia kundi letu la mashine ni sita, na kwamba hakuna anayeingia ndani ya moja moja kuitengeneza. Unatengeneza kiolezo kipya, yaani mfano mmoja wa kunakiliwa, kisha unaliamuru kundi lifuate kiolezo hicho, nalo linazaa mashine mpya na kuziondoa za zamani kwa zamu. Nikauliza kwa nini zina majina ya herufi na tarakimu zisizotamkika, wakati ng'ombe wa Bibi wote wana majina, hata yule anayepiga mateke. Ukacheka. Ulisema wataalamu wa Ulaya hufundishana kuzitunza mashine kama ng'ombe, wakimaanisha zisizo na majina, zinazoondolewa bila uchungu. "Hao," ukasema, "hawajawahi kufika Karatu." Lakini hukunikubalia. "Usizipe majina, mwanangu. Ukizipa hutaweza kuzitoa."

Na ile sheria yako nyingine: mpya asimame kwanza, ndipo mzee aondoke. Kwenye amri ulikuwa unaandika kwamba zinazoruhusiwa kukosekana kwa wakati mmoja ni sifuri, na ya ziada ni moja. Tena asubuhi tu, tembo wakiwa wamerudi msituni, ili tukikosea tukosee mchana.

Nilirekodi sauti yangu humu ghalani, nimejifunika koti lako ili upepo usisikike. Kiswahili nilikimaliza upesi. Kiiraqw Bibi alikikataa mara nyingi, akisema naongea kama mtu anayesoma mtihani, tembo wangefika kabla sijamaliza. Kimaa alinitumia Anko Saning'o, ng'ombe wanasikika nyuma yake. Maneno sikuyabadilisha, ila pale mwanzo. Nimesema, "Jirani, ni Paulina, wa marehemu Baba Paulina." Nililia hapo, nikarudia, nikalia tena. Ile iliyo kwenye mashine ndiyo ambayo sikulia. Haipendezi sana, lakini inaeleweka.

Jumamosi asubuhi nikaliamuru kundi lijaribu kiolezo kipya kwa mashine moja kwanza. Ikazaliwa. Ikapimwa afya, ikashindwa, ikaondolewa. Ikazaliwa nyingine, ikashindwa. Nyingine tena. Nilikaa hapa juu ya magunia nikiwaangalia wachanga wakija na kufa, na hakuna wa kumuuliza. Nikakuita kwa sauti, Baba. Nilisahau kabisa. Niliita, "Baba, njoo uone," kama zamani, na kuku wakakimbia.

Nilitaka kufunga laptop niwaambie wote kwamba imeshindikana. Mama angefurahi. Nami ningekuwa nayo sauti yako, na hakuna ambaye angenilaumu, kwa kuwa mimi ni mtoto wa kidato cha tatu. Niliwaza hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichonizuia ni kwamba zako zote sita zilikuwa bado zimesimama. Sheria yako ilikuwa inazishikilia. Hakuna mzee aliyeguswa kwa kuwa hakuna mpya aliyesimama. Nikaona kama umeshika mlango wazi na unaningojea nipite, na kwamba ungeushika hata mwezi mzima.

Nikasoma majibu polepole, mstari kwa mstari, kama ulivyonionyesha. Mashine mpya ilikuwa inaitafuta sauti kwenye folda ambamo mimi sikuiweka. Nilikuwa nimefungua folda mpya yenye jina langu. Nikaihamisha sauti yangu ikakae mahali ilipokaa yako, palepale, nikatengeneza kiolezo upya. Ikazaliwa. Ikapimwa. Ikasimama.

Sikushangilia. Nikaendelea: ya pili, ya tatu. Mpya inasimama, ya zamani inaondoka. Ilipobaki moja ya zamani nikasimamisha kazi. Nilijiambia nataka kuhakikisha tu. Nilikuwa naidanganya laptop. Baba, ile ya mwisho niliipa jina. Niliipa jina lako.

Mama alikuja mlangoni akiwa na unga mikononi. "Zimebaki ngapi?" Nikamwambia moja. Akaja akaketi karibu nami juu ya gunia, hakusema nizime wala nisizime. Baadaye kidogo akauliza, "Inaweza kupiga?" Nikaiamuru mashine ile ya mwisho ipige simu ya Mama, kwa majaribio. Simu ikalia mfukoni mwa kitenge chake. Jina lako likatokea. Siku zote hizo hakuwahi kuipokea yeye mwenyewe. Nilikuwa nampokelea mimi. Akafuta unga, akaipokea, akaiweka sikioni. Mimi sikusikia maneno, nilisikia tu mvumo wako ukipita kwenye shavu lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaitoa sikioni, akaitazama, akabonyeza moja.

"Amejua nimesikia," akasema. Kisha, "Haya, mwanangu."

Nikaandika amri. Niliiangalia ile ya mwisho mpaka mstari wake ukatoweka.

Haikuchukua muda, Baba. Hicho ndicho kinachoniumiza. Nilidhani kitu kikubwa namna ile kitachukua muda.

Mchana kutwa sikuweza kula. Bibi alinipa maziwa, nikayashika tu. Niliwaza kwamba huenda nimekutoa bure. Kwamba watu hawatampokea mtoto wa shule, nami nitakuwa nimewanyima sauti ya mtu mzima na kuwapa ya mtoto. Mzee Sulle alipita getini akasema, "Nasikia sasa tutaamshwa na mwanafunzi. Haya. Tembo nao watanyoosha mkono waombe ruhusa ya kutoka nje." Nilijaribu kucheka. Yeye hakuwa anacheka sana. Aliuliza tena, kwa sauti ya chini, kama kweli si wewe tena. Nikamwambia si wewe tena. Akavua kofia, akaenda zake.

Jua lilikuwa linashuka upande wa Oldeani simu ya Mama ilipolia. Nilisikia sauti yangu mwenyewe, nyembamba, ikiniambia nisitoke peke yangu. Bibi hakuifunika. Mama akabonyeza. Tukatoka hadi mlangoni, wote watatu, tukasimama.

Hakukuwa na kitu. Upepo tu, na mbwa wa mbali. Nilihesabu nyumba kwa macho na kila moja ilikuwa kimya. Baba, katika kimya kile nilikuchukia kidogo kwa kunifundisha. Nisamehe.

Kisha, kule chini, kwa Mzee Sulle, debe likapigwa. Moja. Halafu la jirani yake, halafu bonde zima, madebe na sufuria na mayowe ya watoto, na moto ukawaka kwenye kila shamba mpaka ukingo wa msitu. Bibi akasema, "Wameitika." Mama akanishika shingo kwa nyuma kama ulivyokuwa ukinishika. Huko juu tukasikia matawi yakivunjika, na kila yalipovunjika yalikuwa mbali zaidi.

Leo nilipofungua laptop, orodha ilikuwa imejaa waliobonyeza moja. Nimeisoma yote kwa sauti humu ghalani, ili nawe uisikie.

Sauti yako ninayo kwenye laptop. Sijaifungua. Naogopa nikiifungua sitaifunga. Siku Mama Joshua akijifungua salama nitamletea Mama, tutaisikiliza pamoja mara moja, mchana, na hatutabonyeza chochote.

Sijui bado namna ya kuishi hapa bila wewe. Asubuhi naamka, na kwa muda mfupi sijui, kisha najua. Bibi anasema itapungua. Namwamini nusu. Lakini nakuahidi, Baba: kundi halitalala. Kila kiolezo kikizeeka nitatengeneza kingine, asubuhi, mpya asimame kwanza, na zinazokosekana ziwe sifuri. Na ikifika siku sauti yangu nayo yapaswa kutolewa, nitakuwa nimeshamfundisha mtu.

Wewe pumzika sasa. Zamu hii naishika mimi. Usiku huu simu ikilia, usiamke.

Binti yako,
Paulina