Afluenti Juu ya Kochi la Mahameli

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu, kitindamimba, kapata mchumba! Wakwe watakuja Jumapili kutujua. Nikamuuliza, watu gani hao? Akasema ni "afluenti". Kiingereza hicho! Maana yake wenye nacho, ila wasio na kelele — mali inatiririka tu kimya kimya kama maji ya bomba. Neno tamu. Limekaa mdomoni kama peremende.

Jumatano, 6 Machi
Nimelitumia! Mkwe, mama wa mchumba, kapiga simu kusalimia. Nikamwambia karibuni sana, hata sisi huku ni afluenti. Akacheka kwa adabu.
Binti kanijia juu. Eti neno lile mtu hajiiti mwenyewe, husemwa na wengine: familia ile, mtaa ule. Nikamwambia mimi ni jogoo, siwezi kungoja jirani aje kuniwikia. Alipofika mlangoni kageuka.
"Nimewaambia wewe ni fundi makochi, baba. Tena nimejisifu."
Hm.

Ijumaa, 8 Machi
Maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge. Sebuleni kwangu ni viti vya mbao, viwili vinachechemea. Fundi makochi hana kochi! Lakini karakanani, hapo nyuma ya nyumba, lipo la mahameli la mama mwenye duka la dawa. Nimelivika upya mimi — sponji, springi, vifungo. Hakuna fundi mjini angeweza. Analichukua Jumatatu. Sasa Jumapili likae bure?
Tumeliingiza sebuleni. Mke wangu kasukuma huku anaguna, eti nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikamwambia hili si nguo, ni kochi.

Jumapili, 10 Machi
Naandikia karakanani. Nimesingizia nafuata stuli.
Wamekuja. Watu wapole, hata hawana makuu! Mimi kabla ya chai nikatamka: kochi hili limetoka ng'ambo, kwa meli. Binti alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Afadhali angefoka.
Halafu mkwe mama akapapasa mshono. Akainama mpaka chini. Mkono huu, akasema, sijauona popote. Akashusha pumzi.
"Nilidhani ni kazi yako, mkwe. Binti yako anavyokusifia! Nilitaka nikuletee kochi la marehemu mama, sitaki liguswe na fundi yeyote tu. Kumbe la meli."
Meli! Ulimi huu!
Na sasa honi nje. Pikapu. Mama wa duka la dawa, siku moja kabla! Anaita "Fundiii!" mtaa mzima unasikia. Wakwe bado wamelikalia.
Binti kaja mlangoni hapa, macho mekundu.
"Baba, mwenye kochi kafika. Niwaambie nini?"
Nimemwambia asiseme kitu, nitasema mwenyewe. Kaniuliza, utasema nini?
Stuli ninayo mkononi. Hii angalau ni yangu. Natoka nayo, nikaseme kochi si langu, ila mshono ni wangu —