Seremala Tuliyemwacha

Mjukuu wangu Nafula,

Huku Riruta tu wazima, ila magoti ya nyanya yako ndiyo yanamsumbua. Unauliza kwenye mchujo wa chama umchague mgombea mkali unayempenda, au mpole anayeweza kushinda.

Enzi za mkoloni, makarani waliosoma walipewa hadi kura tatu kila mmoja, sisi mafundi moja tu. Tulipokutana kanisani kuteua mtu wetu, nilimtaka seremala aliyedai kura kwa kila mtu. Lakini tulihofia makarani watamkataa, tukainua mikono kwa mwalimu mpole. Akashindwa vibaya.

Baadaye karani jirani yangu akaniuliza, "Seremala mlimwacha kwa nini? Sisi tulikuwa tunamngoja yeye."

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili, nikilikumbuka swali la karani yule.

Ni mimi babu yako, niliyeinua mkono.