Ng'ombe wa Alhaji

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Nimekamua. Hakuna anayekamua kama mimi hapa Kibingo, hata ng'ombe wanajua. Kurudi ndani, dada Anitha analia. Chuo kapata, mkopo kanyimwa. Eti wazazi wake wana uwezo. Uwezo gani? Tunalala na mbuzi!

Jumanne, 5 Novemba
Aliyetuponza ni baba. Mtendaji wa kijiji alipopita kuuliza mali zetu kwa ajili ya maombi ya Anitha, mzee alinyoosha fimbo: "Hawa wote unaowaona." Wote! Wetu ni watatu. Waliobaki ni wa Alhaji, mwenye duka kule Kimuli. Tunamchungia, tunapata maziwa, basi. Lakini mfugaji wa kwetu akiulizwa ng'ombe mbele ya watu, hapunguzi.
Mimi niliachishwa shule kidato cha pili ili Anitha asome. Na nilikuwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa anaibia mtihani.

Alhamisi, 7 Novemba
Kukata rufaa kunawezekana. Sharti mzee asimame kwenye mkutano wa kijiji keshokutwa, aseme ng'ombe si wake. Kagoma.
"Nikawe maskini mbele ya wakwe zangu?"
"Baba, maskini tayari. Bado kutangazwa tu."
Karusha fimbo. Kanikosa. Mimi mwepesi.
Nawachukia wote. Yeye na ng'ombe wake wa kuazima. Na hao wa chuo, kila mwaka ada juu, utadhani wanafundishia juu ya dhahabu. Na mkopo wenyewe si zawadi. Anitha atakatwa mshahara mpaka meno yaishe. Halafu deni hilo ndilo tunalipigia magoti!

Jumamosi, 9 Novemba
Nilikaa mstari wa mbele. Mzee asipokuja, nitasema mimi, tena kwa kelele.
Kaja. Kavaa koti la kanisani.
"Wangu ni watatu. Wengine wa Alhaji."
Mtu akacheka nyuma. Nikageuka kutafuta wa kumpiga. Mzee akarudia, sauti juu zaidi.
"Watatu."

Jumapili, 1 Desemba
Mkopo umetoka, nusu. Ng'ombe wetu mmoja kauzwa kujazia. Anitha kaondoka jana.
Mzee hapitishi ng'ombe barabarani tena. Anazunguka nyuma ya migomba, watu wasimwone. Nilikuwa na utani mzuri sana wa kumtupia. Nimeuacha. Nimechukua fimbo yangu, nikapita naye huko huko nyuma.